Gari Iliyotiwa Petroli Kwenye Taa

Majengo, Thika
12 Mei 1997

Dada yangu Ndila,

Pole. Nimechana karatasi kadhaa nikitafuta neno kubwa kuliko hilo na sijalipata, kwa hivyo pokea hilo hilo. Mzee Kilonzo alikuwa baba yako, si wangu, lakini siku habari ilipofika hapa nililia mpaka Faki akafunga gereji mapema akaja kukaa na mimi. Na wewe unamjua bwanangu, huyo hafungi gereji hata akiwa na homa.

Hatukufika mazishini na najua mlitutazamia. Mama alikuwa amelazwa. Daktari anasema moyo wake umechoka, na miguu imefura hata viatu vya Faki havimtoshi. Sasa yuko nyumbani. Haulizi dawa, haulizi chakula, anauliza tu, "Mnanipeleka lini kwa watoto wa Kilonzo?"

Ameniambia nikuandikie ile habari yote vile yeye huisema, mkae nayo nyinyi na watoto wenu, kwa sababu baba yenu hakupenda kuisimulia. Haya basi.

Mwaka wa 1957, wakati wa Hali ya Hatari, marehemu baba yangu alikuwa mpishi wa mzungu mmoja kwenye shamba la kahawa huko Ruiru. Siku hiyo alikuwa ametumwa Nairobi. Uchungu ukamshika Mama mchana, kabla ya wakati wake, hakuna mtu karibu. Akatoka mpaka barabarani akijishikilia kwa ua. Gari kubwa ya Kimarekani ikasimama, juu rangi ya maziwa, chini kijani, na ndani dereva Mkamba peke yake. Akamlaza kwenye kiti cha nyuma, kiti cha mwenye gari, bila maswali. Walipofika mashamba ya mkonge kabla ya Juja, petroli ikaisha. Dereva akatoa jerikeni. Na hapa ndipo huwa tunacheka: Mama anaapa kwamba alishuka akashikilia buti kwa maumivu, akamwona yule mtu akifungua taa ya nyuma na kumimina petroli ndani ya taa. Ndani ya taa, Ndila! Tangu nikiwa mdogo tunamwambia, Mama, huo ulikuwa uchungu, macho yalikuchezea. Anakasirika vibaya sana.

Mimi nilizaliwa kwenye kile kiti kabla hawajafika Thika. Dereva akavua koti lake akanifunika. Akawaachia wauguzi mama na mtoto, akaenda, hata jina hakuacha.

Baada ya Uhuru Mama akaiona gari tena karibu na soko, maziwa na kijani, Mkamba kwenye usukani. Akauliza watu, wakamwambia huyo ni Kilonzo wa Ruiru. Yaliyobaki unayajua. Kila Idd sinia ya pilau, kila Idd baba yako anasema, "Mama, si mimi," na Mama anamjibu, "Sawa, si wewe. Kula tu."

Ninaomba kitu kimoja. Kama mna picha yake akiwa na gari, nitumie. Simu ya jirani imekufa, lakini namba ya box ya posta ya Faki unayo. Mama anataka kuwaona wote wawili pamoja kabla hajapata nguvu ya kuja.

Ni mimi, yule wa kiti cha nyuma,
Firdaus


Gatongora, Ruiru
20 Mei 1997

Firdaus wangu,

Barua yako nimeisomea hapa dukani na ikanifanya nimpimie mteja chumvi badala ya sukari. Amerudi akinitukana, nikamwambia, "Mama, nisamehe, nimepata barua ya ndugu yangu."

Usiniambie tena kwamba hamkufika. Mama yetu Kamene alipofariki, ni nani alibaki na sisi? Jamaa zetu wa Machakos walikula, wakaomba, wakaenda. Mama yako alikaa chini na sisi, akamfulia Mwendwa sare za shule, akanisuka nywele nikilia. Mimi nilikuwa msichana wa darasa la sita na kaka yangu Mwendwa hajui hata kufunga kamba za viatu. Hayo hayasahauliki, na hakuna siku tuliwahi kusema asante ya maana. Basi nasema leo. Asante. Mwambie nimeiandika kwa kalamu nzito.

Ati baba hakupenda kusimulia! Alikuwa anatwambia mezani, sinia iko katikati, "Mimi nimewaambia hawa watu si mimi. Hawasikii. Haya, kuleni kabla haijapoa." Sisi tulidhani ni aibu yake tu, kwa vile Baba hata akisifiwa suruali mpya alikuwa anaingia ndani kuibadilisha. Hatukumjibu. Tulikuwa tunapigania viazi.

Picha hii hapa. Ilipigwa siku yangu ya ubatizo, na utaona aliyepewa nafasi kubwa ni gari, si mimi. Baba ameweka kiwiko kwenye bawa la nyuma la gari kama anaegemea kaunta ya baa. Mwangalie na kofia yake! Gari yenyewe iko nyuma ya nyumba juu ya mawe, chini ya turubali. Mwendwa anataka kuiuza kwa mafundi wa majiko waikatekate, kwa sababu anasema inafuga nyoka. Nimemwambia ajaribu, aone.

Mpe Mama picha, na umwambie watoto wa Kilonzo wanamsubiri akipona. Hata kama ni mwakani.

Ndila


Majengo, Thika
3 Juni 1997

Ndila,

Tafadhali keti. Na usisome hii kukiwa na wateja.

Picha ilifika. Macho ya Mama siku hizi hayaoni vizuri, aliona zile rangi mbili na mtu mwenye kofia, akasema, "Ndiye. Alhamdulillahi." Akaiweka chini ya mto. Jioni Faki akarudi, akaomba kuiona. Hakutaka kumwona baba yako, alitaka gari, si unajua vile hizo gari za zamani za Wamarekani zinamtia wazimu. Akaiangalia. Akaipeleka dirishani. Akaniita nje.

"Hii ni fifty-nine," akaniambia. "Na wewe umezaliwa fifty-seven."

Nikamwambia aniondolee upuzi. Wallahi nilikasirika. Akachukua spana akaanza kunichorea kwenye mchanga. Anasema Wamarekani miaka ile walikuwa wanaibadilisha gari sura kila mwaka, kama vile sisi tunavyotaka leso mpya kila arusi, ndiyo fundi wa bodi akiona kipande tu cha mkia anakwambia mwaka. Chevrolet ya fifty-five ilikuwa nyoofu, haina makuu. Fifty-six wakaitandazia grili, ule wavu wa chuma wa mbele, kutoka taa hadi taa. Fifty-seven wakaisimamishia vibawa viwili nyuma. Fifty-eight ikapata taa nne za mbele. Fifty-nine ndiyo mabawa yakalazwa, yakawa mapana hata unaweza kuanikia mahindi, na taa za nyuma zikawa macho ya paka. Mwaka uliofuata hayo macho yakaondolewa, zikawekwa taa za mviringo.

Ndila, gari ya Mzee Kilonzo ni ile ya macho ya paka. Siku nazaliwa, hiyo gari ilikuwa haijatengenezwa hata huko Amerika kwenyewe.

Nikamuuliza miaka hii yote alikuwa wapi na hiyo elimu. Akaniambia pilau huwa tunapeleka mimi na Mama, na yeye alipowahi kuja kwenu gari ilikuwa chini ya turubali. Ni kweli. Lakini bado nilitaka kumpiga na hiyo spana.

Halafu akaingia ndani akamuuliza Mama, pole pole, "Mama, ile petroli ilitiwa wapi?"

"Kwenye taa! Mmeanza tena?"

"Taa gani?"

"Ya kushoto. Kwani mnanionaje nyinyi?"

Faki akapiga makofi kama mtoto. Anasema Chevrolet ya fifty-six ndivyo ilivyo! Mdomo wa tangi wameuficha nyuma ya taa ya kushoto. Unazungusha kipande cha kromu, taa inalala kama kifuniko, unatia petroli. Mwaka mmoja tu, fifty-seven wakauhamisha ndani ya urembo wa bawa. Mama hakuchanganyikiwa hata kidogo. Tumemcheka maisha yake yote na alikuwa anasema kweli.

Alikuwa sahihi kuhusu taa, na amekosea mtu. Sijamwambia. Nimemkataza Faki pia. Wewe nawe usiseme kitu kwanza, tafadhali. Sijui hata nifanye nini.

Firdaus


Gatongora, Ruiru
11 Juni 1997

Firdaus,

Nimetoka nje nikavuta lile turubali. Nyoka hakuna, Mwendwa ni mwongo. Petroli yetu inatiwa nyuma ya namba pleti, katikati. Nimesimama pale na turubali mkononi nikaanza kucheka, nikacheka hadi nikakaa kwenye bampa, halafu sikuwa nacheka tena.

Baba alikuwa anasema ukweli! Kila Idd, kwa mdomo wake, mbele ya watu, "Si mimi." Na kadiri alivyokana ndivyo mlivyozidi kumwona mtu wa heshima. Angefanya nini zaidi, apande juu ya paa? Hiyo gari alinunua kwa mzungu aliyekuwa anafunga virago wakati wa Uhuru. Sisi tulijua. Hakuna mtu aliyewahi kukaa akalinganisha miaka. Nani analinganisha miaka na pilau iko mezani?

Sasa nikwambie kitu bila kuzungusha. Nimeona wivu. Nimejiuliza, kama baba yangu hakuwa yule dereva, basi mimi ni nani wa Firdaus? Tulianza undugu kwa mlango ambao si wetu. Nimelala na hilo swali na nimeamka nalo, na nimeona afadhali nikuulize kuliko kulinyamazia dukani.

Lakini nitakusaidia kumtafuta. Kuna wazee kanisani kule Mugutha waliokuwa wakifanya kazi kwenye mashamba ya wazungu, madereva, watu wa kiwandani, watu wa mifugo. Jumapili nitaenda huko badala ya kanisa letu. Mwendwa amesema atakuja pia. Nimemwambia yote, na juzi nilimkuta anapangusa vumbi kwenye taa za ile gari. Habari ya majiko hajaitaja tena.

Nijibu swali langu.

Ndila


Thika
30 Juni 1997

Ndila,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi ya hospitali, kwa hivyo samehe mwandiko.

Swali lako la kijinga nalijibu kwanza. Usiniulize tena wewe ni nani wangu. Nikikupata nitakufinya mpaka ulie.

Mama amerudishwa wodi. Anapumua kama mtu anayepanda mlima. Jana akanishika mkono akasema, "Nikipata nafuu siku moja tu, siendi nyumbani. Mnipeleke Ruiru kwenye kaburi la Kilonzo nimshukuru, halafu Mungu afanye anavyotaka." Nikasema sawa Mama. Ningesema nini? Kila sala anamwombea baba yako kwa jina. Namsikia.

Ndila, naogopa. Naogopa mama yangu atakufa akiwa ameshukuru kaburi la mtu mwingine, na yule mtu aliyemwokoa yuko mahali pengine, labda hai, labda ana njaa, na hakuna aliyewahi kumwambia asante. Asante ya mama yangu ni ya maisha mawili, yake na yangu. Siwezi kumwacha aende nayo bila kuifikisha. Na nikimwambia ukweli sasa, na moyo ulivyo, naogopa vile vile.

Faki anasema fifty-six za rangi hizo haziwezi kuwa zilikuwa nyingi Ruiru. Ulizia dereva, Mkamba, mzungu wake alikuwa na shamba upande wa huko. Uliza kuhusu taa. Mtu yeyote aliyeiendesha atakumbuka taa.

Fanya haraka, dada.

Firdaus


Gatongora, Ruiru
9 Julai 1997

Firdaus,

Tumempata.

Anaitwa Kaleli. Anaishi hapo Mugutha, nyuma ya kanisa, nyumba ya mabati iliyopakwa rangi vizuri. Mkewe Idah alifariki zamani. Anafuga sungura. Mzee mmoja wa kanisa alituambia, "Dereva wa fifty-six? Huyo ni Kaleli, lakini hapendi habari za magari." Tulimkuta na sungura mweupe mapajani akimkata kucha.

Nilianza mbali. Nikamwambia mimi ni binti ya Kilonzo aliyekuwa na ile Chevrolet ya mabawa. Akasema pole, alimjua kwa kumwona. Mwendwa akamuuliza, "Mzee, ni kweli wewe uliendesha fifty-six?"

"Niliendesha. Ilikuwa ya bwana."

"Petroli mlitia wapi?"

Akacheka, Firdaus, meno machache lakini kicheko kizuri. "Kwenye taa. Vijana wa pampu walikuwa wanaizunguka ile gari kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga. Mimi nakaa ndani nawaangalia tu."

Nikauliza, "Kuna siku ulimpakia mama mjamzito?"

Akamrudisha sungura kwenye kizimba. Akafunga mlango wa kizimba.

"Mtoto hakulia," akasema. "Nilimfunika na koti. Alikuwa na rangi ya bluu, hakulia hata kidogo. Niliwapeleka, muuguzi akamchukua, askari wa getini akaniuliza kibali cha kuwa Thika, sikuwa nacho, kibali changu kilikuwa cha Ruiru. Akanifukuza. Mtoto alikufa kwa gari yangu."

Alisema hivyo, "kwa gari yangu". Bwana wake alipoona kiti jioni ile alimfukuza kazi papo hapo, akaenda kwao Yatta na nguo za mwilini. Tangu hapo hajashika usukani. Alirudi huku uzeeni kufuata kijana wake. Hakuwahi kwenda kuuliza hospitali. Alisema, "Ningeuliza ili niambiwe nini?"

Mwendwa alitaka kusema, nikamkanyaga mguu. Hiyo habari ni yenu kutoa, haikuwa yangu. Nilimwambia tu kwamba ninamjua yule mama, kwamba yu hai, na kwamba angependa kumwandikia. Akawatilia sungura maji. Halafu akasema, "Najua kusoma. Mwambie aandike herufi kubwa kubwa."

Firdaus, mwambie Mama. Mimi namjua mama yako. Moyo wake umechoka lakini si mwoga.

Ndila


Majengo, Thika
16 Julai 1997

Ndila, ndugu yangu,

Nimemwambia.

Walimruhusu Jumatatu, amerudi na chupa za dawa kama duka. Nilingoja amalize uji. Faki alisimama mlangoni, tayari kukimbia kuita teksi. Nikaanza na taa. Nikamwambia, "Mama, ulisema kweli kuhusu taa. Tusamehe." Akaniangalia akasema, "Ee. Na mlichelewa." Halafu nikamwambia hayo mengine yote mpaka mwisho.

Nikaanza kumhesabia pumzi. Mwisho akasema, "Kwa hivyo yule mzee wa watu alikuwa ananiambia ukweli. Mimi nikamlazimisha kula!" Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, Faki akaja mbio na maji, naye akamsukuma na maji yake. "Kila Idd, anakana, na mimi namwekea kijiko mkononi! Yaa Rabbi, Kilonzo, nisamehe!"

Baadaye akalia kidogo. Akaniambia maneno haya na akasema niyaandike yalivyo: "Mwambie Ndila, mtu aliyeniokoa alikuwa na sababu ya kunijua. Baba yake hakuwa na sababu yoyote, na bado alinifungulia mlango kila mara, akanikalisha, akaniuliza hali ya watoto wangu. Mimi nilienda pale kushukuru na nikapata ndugu. Hiyo haikuwa makosa. Hiyo ina asante yake peke yake."

Umesikia? Basi sitaki wivu tena kutoka Gatongora.

Kesho anamwandikia Mzee Kaleli. Yaani yeye atasema, mimi nitaandika. Mpelekee kwa mkono wako, tafadhali, sitaki ipitie posta.

Firdaus


Majengo, Thika
17 Julai 1997

Kwa Kaleli, Mugutha,

Mimi ni Mwanamisi. Ni yule mwanamke uliyempakia barabarani akijishikilia kwa ua. Jina lako nimelijua juma hili tu na ninalitamka vizuri, nimefanya mazoezi.

Kwanza nikwambie jambo moja kabla ya salamu, kwa sababu nimeambiwa umekaa nalo vibaya. Mtoto hakufa. Ulipofukuzwa pale getini, muuguzi alimshika miguu akampiga, na akalia wodi nzima ikageuka. Tangu siku hiyo hajanyamaza. Ni mwanamke mkubwa, ana bwana, ana watoto wawili wa kiume, Junaid na Rayan, na ana ulimi. Mimi sijui kuandika. Mkono unaoandika barua hii ni wake.

Ameacha kalamu akilia. Nimemwambia aendelee.

Nimeambiwa ulifukuzwa kazi kwa ajili ya kiti. Hilo sikulijua. Limeniuma kuliko ugonjwa huu. Nilidhani ulinipa safari tu, kumbe ulinipa na kazi yako. Siwezi kukurudishia ujana wako, Kaleli. Ninachoweza ni kukushukuru nikijua sasa ulitoa nini.

Koti lako lilibaki na sisi. Nilimbebea mtoto ndani yake mpaka likachakaa, halafu nikalikata nikamtengenezea mto. Sikuwa na kitu kingine chako.

Miaka yote nimekuombea kwa jina la mtu mwingine. Nilisema, Mungu mpe Kilonzo afya, Mungu mpe Kilonzo watoto wema. Sina wasiwasi. Mungu alijua ni nani aliyesimamisha gari. Yule aliyeitwa Kilonzo naye alikuwa mtu mzuri, sidhani kama alinung'unika kugawana.

Nilitaka kuja mwenyewe. Miguu imekataa. Kama yako inakubali, njoo. Nakuomba kama dada. Nina asante yako hapa na ni nzito, nataka nikupe mkononi.

Mwanamisi
na mimi Firdaus, niliyeandika


Mugutha, Ruiru
22 Julai 1997

Kwa Mama Mwanamisi,

Salamu kwako na nyumba yako yote. Mimi ni Kaleli.

Binti ya Kilonzo alinipatia barua akasimama nje, hakutaka kuniona nikisoma. Nilisoma mpaka pale umeandika kuhusu mkono. Nikaacha. Nikatoka nikawalisha sungura. Walikuwa wamelishwa tayari, wakaniangalia tu. Nikarudi nikasoma tena kutoka mwanzo, nikaangalia yale maandishi, nikayagusa na kidole. Ni maandishi mazuri, ya mtu mwenye nguvu.

Nililia kwa sauti, Mama, sitaficha. Majirani walikuja wakidhani nimefiwa. Nikawaambia la, nimepata mtoto. Wakashika midomo, wakaniuliza, mzee, mtoto wa nini saa hizi? Nikawaambia ni msichana, ana miaka arobaini. Sasa wananiona nimechanganyikiwa na sijali.

Usiumie kwa sababu ya kazi. Mimi kazi sikuililia. Nililia kwa sababu nilifikiri imepotea bure. Sasa najua haikupotea bure, na hakuna mshahara niliowahi kupewa unaolingana na huu. Asante kwa kumlea. Asante kwa kunitafuta, hata ulipopotea njia ukaenda kwa mtu mwingine, bado ulikuwa unanitafuta mimi. Nilikuwa nimekaa na Mungu nikimuuliza swali moja tu na yeye alikuwa amenijibu siku ile ile, mimi ndiye nilikuwa nimeondoka.

Nitakuja Ijumaa mkishatoka kusali. Ndila na ndugu yake watanileta. Msinitayarishie kitu, mimi ni mzee, nakula kidogo.

Nina ombi moja. Firdaus asije kunipokea stendi, nitalia mbele ya watu. Anisubiri mlangoni kwenu, akiwa amesimama. Mimi nilimbeba akiwa hasogei. Nataka nisimame pale barabarani kwanza, nimwone akitembea kuja kwangu.

Kaleli